Nani Ampe Nani Jembe?

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alifika hapa Manzese na begi moja, akasema anakaa wiki mbili tu mpaka apate kibarua. Huu ni mwezi wa tano. Chumba kimoja, godoro moja. Juzi usiku uvumilivu ukanishinda: "Hivi kwa nini usirudi nyumbani ukalime?"

Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Kaka, mbona wewe hukurudi?"

Tangu hapo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumeizoea kama methali ya kuwafukuza wavivu. Lakini jamani, jembe hupewa nani? Hupewa anayebaki! Anayeondoka hufungashiwa chakula cha njiani. Georg Simmel, Mjerumani, aliandika mwaka 1908 kwamba mgeni hasa katika jamii si mpita njia, ni yule aliyekuja akabaki. Yumo ndani ya kundi, na bado anahesabiwa wa nje. Kumbe bibi zetu na huyo msomi walikuwa jirani.

Tatizo ni kwamba jembe tuliligeuza rungu. Mwaka 1983, wakati wa kampeni ya Nguvu Kazi, watu walikamatwa mitaani Dar es Salaam, na walioonekana hawana kazi wakapakiwa kwenye magari kurudishwa vijijini. Wengi wakarudi mjini. Mwaka 1984 haki za msingi zikaingizwa katika Katiba, na ibara ya 17 inampa raia uhuru wa kwenda na kuishi popote nchini. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Wangapi kati yetu babu zetu wamezikwa hapa?

Sawa, utaniambia Katiba haikusema akae kwenye godoro langu. Kweli kabisa, na kodi hailipwi kwa ibara. Ila kuna tofauti. Kumwambia "sina uwezo" ni kusema kweli. Kumwambia "kwenu ni kule" ni kujifanya mwenyeji, maana kwetu ni kulekule. Mimi nilipokuja, baba mdogo alinilaza koridoni miezi minane, kisha akanipeleka kwa fundi aliyemfahamu. Hakuwahi kuniuliza narudi lini.

Jana alfajiri nimempeleka dogo sokoni Tandale, kwa jamaa anayeshusha magunia. Amepewa wiki moja ya majaribio. Godoro bado ni moja.