Kanungu: Majirani Walionunua Ng'ombe kwa Bei ya Kutupa

Ukivuka Mto Kagera pale Murongo, wilayani Kyerwa, unaingia Kikagati, Uganda. Mnyambo akifika huko hahitaji mkalimani, maana Kinyambo chake na Kinyankore cha huko ni lugha ndugu. Ukiendelea magharibi, kwenye vilima vya Kanungu, ndiko kanisa lilikoteketea Ijumaa ya tarehe 17 Machi 2000, mamia ya waumini wakiwa ndani. Nawaandikia watu wa Karagwe na Kyerwa habari hii kwa sababu walioungua kule walikuwa watu kama wa huku: wakulima wa migomba, wengi wao Wakatoliki wa kushika rozari, katika miaka ambayo Ukimwi ulikuwa unamaliza nyumba baada ya nyumba.

Kundi lao liliitwa Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu. Mwanzo wake ni Credonia Mwerinde, mwenye baa pale Kanungu, aliyesema Bikira Maria anamtokea. Peke yake asingefika mbali. Mwaka 1989 alikutana na Joseph Kibwetere, mwanasiasa wa chama cha Democratic Party (DP) aliyewahi kusimamia shule, mtu wa kuitwa mzee hata na wakubwa wenzake. Baadaye akaja Padri Dominic Kataribabo, msomi aliyepata shahada Marekani. Kanisa Katoliki liliwakana, lakini kwa mwanakijiji aliyezoea kumbusu padri mkono, kola ile shingoni ilitosha. Hapo ndipo wengi waliponaswa: njozi waliitilia shaka, heshima hawakuitilia.

Kisha zikaja amri. Mume asilale na mkewe. Watoto wakae mbali na wazazi. Watu wasizungumze bali waelewane kwa ishara za mikono, eti ulimi usije ukavunja amri. Siku fulani za wiki mlo ulikuwa mmoja tu. Na kila anayeingia auze alicho nacho, fedha aikabidhi kwa viongozi. Mtu akishafika hapo hana shamba la kurudia, hana ndugu anayesemezana naye, na hana hata mwenzi wa kumnong'oneza usiku kwamba ameanza kuogopa.

Dunia iliahidiwa kwisha tarehe 31 Desemba 1999. Haikuisha. Baadhi ya waumini wakaanza kudai mali zao, na viongozi wakatangaza tarehe nyingine. Wiki ile ya Machi waumini waliuza ng'ombe na vyombo kwa bei ya kutupa, wakalipa madeni, wakawaaga jamaa. Wakafanya karamu kubwa ya ng'ombe watatu na kreti 70 za soda, watu waliokuwa wameshinda na njaa miaka yote ile. Asubuhi ya Ijumaa waliingia kanisani. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mbao na kupigiliwa misumari.

Mwanzoni ilisemwa wamejiua kwa imani yao. Siku chache baadaye, polisi wakaanza kufukua mashimo kwenye nyumba nyingine za kundi: miili 153 Buhunga, na mingine zaidi ya 150 Rugazi, nyumbani kwa Kataribabo, baadhi yake chini ya sakafu. Baadaye ikaonekana mingine Rushojwa, na mwishowe Buziga, Kampala. Polisi walisema wengi walinyongwa au kupewa sumu, na jumla, pamoja na waliofia kanisani, ikapita 700. Hati za kuwakamata viongozi zilitolewa, lakini hadi leo hakuna aliyesimama kizimbani. Tume iliyoahidiwa na serikali haikufanya kazi. Waliokufa kanisani walifukiwa kwa buldoza katika kaburi moja, wengi bila hata kutambuliwa majina.

Kila mwaka Machi ikifika swali huwa ni hilo hilo: Kibwetere alikufa, au alitoroka? Swali hilo limekula nafasi ya jingine linaloniumiza zaidi. Wale ng'ombe walinunuliwa na nani? Kuna jirani aliyeuziwa mnyama kwa bei hiyo ya kutupa na mtu asiyefungua kinywa, akashukuru, akaenda zake. Serikali nayo ilikuwa na macho pale: kundi lilisajiliwa, shule yao ikafungwa mwaka 1998 kwa uchafu na kutumikisha watoto, kisha kila mtu akarudi ofisini. Watoto wale walibaki ndani ya boma lile lile.

Miaka 23 baadaye, Aprili 2023, Kenya ilianza kufukua makaburi msituni Shakahola, Kilifi. Miili ilipita 400, ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi wafe ili wamwone Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie, aliyekana mashtaka, alikuwa ameshakamatwa na kuachiwa miaka ya nyuma. Kule watoto walianza kwa kutolewa shule, na wazazi kwa kuacha makazi yao.

Kwetu Kagera mtu hauzi kibanja chenye makaburi ya babu zake bila jambo zito. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka halmashauri ya kijiji iidhinishe uhamisho wa ardhi ya kimila. Kwa hiyo muuzaji lazima apite mezani kwa watu wanaomjua. Mwenyekiti na mtendaji wamuulize, kabla ya muhuri: unahamia wapi, watoto watasoma shule gani, mwenzi wako amekubali kwa hiari, na fedha hii inakwenda kwa nani? Wakijibiwa kwa maandiko matupu, au wasijibiwe kabisa, faili lisubiri. Waitwe kwanza kaka na wajomba wa muuzaji.