Andikeni Majina

Wanangu, nimesikia vijana mmekabidhiwa kazi ya kuandika historia ya kanisa letu la Methodist hapa Ribe. Kazi njema. Ila kabla hamjashika kalamu, nisikilizeni kidogo.

Najua mtaanzia mwaka 1862, mmishonari Ludwig Krapf alipomleta mwenzake Thomas Wakefield kutoka Uingereza hadi kwenye vilima hivi vya nyuma ya Mombasa. Mtamwandika Charles New, aliyekuja 1863 na mwaka 1871 akapanda Kilimanjaro mpaka penye theluji. Mtamtaja Rebecca, mke wa Wakefield, aliyefia hapa Ribe 1873. Waandikeni, ni haki yao. Lakini habari zao hata mgeni atazipata vitabuni. Ninyi tafuteni zisizopatikana huko.

Mtazameni Sadi bin Ahedi, kiongozi wa misafara kutoka upande wa Gazi. Wakefield alimketisha akamuuliza njia za bara: kituo kipi kinafuata kipi, maji yako wapi, watu gani wanakaa wapi. Majibu yakachapishwa London mwaka 1870, na jina la Sadi likatajwa. Leo tunamjua kwa sababu mtu aliuliza, akaandika. Na waliobeba mizigo ya misheni je? Waliowafundisha wageni lugha zetu? Akina mama waliowapikia na kuwauguza? Wengi wao hatuwajui hata kwa jina. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi nendeni kwa wazee. Msimuulize bibi mwaka, mtamchosha bure. Muulizeni njaa: babu zake walihamia hapa kabla ya Mwakisenge au baada yake? Hiyo ni njaa ya miaka ya 1880, na hesabu nyingi za wazee wetu zilishikana na njaa. Akisimulia, msimkatize. Rudini siku nyingine muulize tena, kwani jibu la pili ndilo huwa na majina. Rejista za ubatizo nazo zipigeni picha ukurasa kwa ukurasa, mchwa hawasubiri kikao.

Kuna jambo linalotaka adabu. Misheni ya Ribe, kama jirani yake Rabai, iliwapokea watoro, watu waliokimbia utumwa. Walilima hapa, wakaoa na kuolewa hapa, wakawa sisi. Mkikuta ukoo wenye asili hiyo, msiutangaze madhabahuni kama habari ya kuchekesha, wala msiufute kwa kuona haya. Waombeni wenyewe ruhusa, kisha waandikeni kwa heshima. Kanisa lililowapokea watoro halina sababu ya kuwaficha wajukuu wao.

Na msiidharau Kaya, msitu mtakatifu wa mababu zetu. Msitu wa Kaya Ribe ulikuwako kabla ya kengele yetu, na mwaka 2008 UNESCO iliuweka pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda katika urithi wa dunia. Wazee wake ni ndugu zetu wa damu. Wanaijua nchi iliyompokea Wakefield, na bila wao kitabu chenu kitakuwa nusu.

Mwaka 1967 Kanisa la Methodist Kenya lilianza kujitegemea. Viongozi ni wetu, sadaka ni yetu. Kumbukumbu ndiyo bado tunaazima kwa wengine. Jumapili hii, ibada ikiisha, anzeni na mama mzee kuliko wote kanisani. Muulizeni kwanza majina ya waliomfundisha kusali.