Kioo kimehamia kiganjani, haya yetu imebaki wapi?



Mwaka 2005 nilipanda basi Dar es Salaam kwenda kumtembelea mjomba wangu Nangurukuru, pale njia panda ambapo barabara ya Lindi na Mtwara inaachana na ile inayokwenda Kilwa Masoko. Wanaoijua njia ya kusini watakumbuka hali ilivyokuwa. Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji lilikuwa limefunguliwa miaka miwili tu nyuma, na kipande cha Ndundu hadi Somanga kilikuwa bado ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Ili abiria wasahau machovu, wenye mabasi walianza kufunga televisheni na deki juu ya kichwa cha dereva.

Tulipovuka Rufiji kondakta akaweka mkanda wa muziki. Nadhani sina haja ya kueleza mavazi ya waliokuwa wakicheza. Ndani ya basi lile walikuwamo akina mama na mabinti zao, watoto wa madrasa, na bwana mmoja aliyekaa kiti kimoja na mama mkwe wake. Yule bwana aligeuzia uso dirishani akajifanya anatazama mikorosho. Nikasimama. Nikamwambia kondakta: "Zima hiyo, humu kuna wazee na watoto." Vijana wa viti vya nyuma wakaguna, lakini akina mama wakadakia: "Kweli, azime!" Akazima. Nikashuka Nangurukuru nikijiona mtu wa maana, niliyeamrisha mema na kukataza maovu.

Baada ya Isha, tukiwa barazani, nilimsimulia mjomba kisa kile kwa mbwembwe zote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Umefanya vyema, mjomba. Lakini basi lilikuwa na watu." Nikamuuliza ana maana gani. Akanijibu: "Siku basi likiwa tupu, na wewe mwenyewe ndiye kondakta, siku hiyo ndiyo tutajua." Nikacheka. Nilidhani ni maneno ya wazee.

Ndugu msomaji, ili tuelewe maneno ya mzee yule, hebu tuangalie kioo cha televisheni kilivyosafiri katika nchi yetu. Zanzibar ilianza kuwa na televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara ilikaa bila kituo chake hadi mwaka 1994. Katika miaka hiyo, na hata baadaye katika miji midogo kama Nangurukuru, televisheni ilikuwa ni jambo la umma. Aliyekuwa nayo aliiweka sebuleni na jirani wakaingia, au aliifunga kwenye banda akatoza kiingilio. Mtu aliyetaka kutazama jambo la aibu alilazimika kulitazama mbele ya macho ya watu wanaomjua baba yake.

Kisha ukaja ving'amuzi. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam na mikoa mingine ikafuata. Sebule iliyokuwa na vituo vitatu au vinne ikawa na makumi, na kila mwanafamilia akawa na kituo anachokitaka. Baada ya hapo zikaja simu janja na bando. Leo katika stendi ya Nangurukuru utawaona watu ishirini wanasubiri basi, kila mmoja ameinamia kioo chake, hedifoni masikioni. Hakuna ajuaye jirani yake anatazama nini. Sebule ilitoa jirani, king'amuzi kikatoa familia, simu ikatoa hata aliyekaa kiti kimoja nawe.

Yapo mambo mawili ya kiufundi yaliyowezesha haya, na ni vizuri Muislamu ayajue badala ya kulaani tu. Zamani kituo kimoja kilijaza masafa mazima peke yake. Leo picha hukandamizwa kwa hesabu kabla ya kurushwa, hata vituo vingi vikaenea katika masafa yaliyokuwa ya kimoja, na filamu nzima ikaingia katika kadi ndogo kuliko ukucha. Jambo la kwanza ni kwamba mtambo haurushi kila picha upya, bali kwa sehemu kubwa hurusha kile tu kilichobadilika kutoka picha iliyotangulia. La pili ni hesabu iliyobuniwa na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa Bangalore, India, aliyekuwa akifundisha Marekani. Mwaka 1972 aliomba fedha za utafiti huo akanyimwa. Hakukata tamaa, na mwaka 1974 yeye na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao wakaichapisha. Karibu kila picha unayoitazama leo kwenye simu imepita katika hesabu hiyo au dada zake.

Hesabu hiyo inafanyaje kazi? Picha hukatwa vipande vidogo vya mraba, kila kipande kikachambuliwa, kisha yale mabadiliko madogo madogo ambayo jicho la mwanadamu haliyatambui yakatupwa. Hiyo ndiyo siri yake. Mtambo umejengwa juu ya udhaifu wa jicho letu, kwamba lipo jambo likipotea hatutalijua. Mimi huliona hilo ni zingatio kubwa. Macho ya watu hayaoni yote na hesabu za wahandisi hutupa mengi, lakini tumefundishwa kuwa katika daftari la Mola hakitupwi kitu, hata chenye uzito wa chembe.

Sasa narudi Nangurukuru. Mwaka jana mjomba alitangulia mbele ya haki, Allah amrehemu. Nilikwenda kwa ajili ya mazishi, nikalazwa katika chumba kile kile cha uwani. Usiku nilifungua simu nikasikiliza darsa la mirathi, kwa kuwa kesho yake tulitakiwa kukaa kikao cha familia. Darsa lilipokwisha simu yenyewe ikaleta video nyingine, nayo ikaleta nyingine. Saa saba usiku nilikuwa nimefika mahali ambapo mwaka 2005 ndani ya basi nisingevumilia dakika moja. Na sikuzima. Sitaeleza zaidi, kwani aliyesitiriwa na Mola wake hatakiwi kujifunua mwenyewe. Itoshe kusema kwamba Alfajiri binamu yangu alinigongea mlango mara mbili, na nilipofika msikitini jamaa ilikuwa imekwisha. Nilikaa pale nikiyakumbuka maneno ya marehemu. Basi lilikuwa tupu, na kondakta alikuwa mimi.

Hapa ndipo linapokuja swali. Je, ule ujasiri wangu wa mwaka 2005 ulikuwa haya ya kweli, au ulikuwa kuwaogopa watu? Rafiki yangu mmoja, niliyemgusia suala hili bila kumpa undani wake, alinijibu kwa ukali: "Haya ya mbele za watu ni unafiki. Bora simu zimekuja, sasa kila mtu anajijua alivyo."

Nimelifikiri jibu lake nikaona lina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba simu haikunitia maradhi mapya, imeyaonyesha yaliyokuwamo. Lakini kusema kwamba haya mbele za watu haina thamani ni kosa kubwa. Ukuta wa nyumba hauwafanyi waliomo kuwa wema, ila hakuna mwenye akili anayebomoa ukuta kwa hoja kwamba wema uko moyoni. Yule bwana aliyegeuzia uso dirishani kwa ajili ya mama mkwe wake hakuwa mnafiki. Alilindwa, naye akawalinda wengine. Uislamu umetupa vyote viwili: umetupa jamaa, jirani na nasaha, ambao ndio uzio; na umetupa ihsani, yaani kumuabudu Allah kana kwamba tunamuona, na ingawa hatumuoni basi Yeye anatuona. Uzio humlea mtoto mpaka ihsani iote. Kosa la zama zetu ni kwamba uzio umeondoka kabla ya kilichomo ndani kukomaa, kwa watoto wetu na, kama nilivyokiri, hata kwa sisi wenye mvi.

Wapo watakaosema dawa ni kuzipiga marufuku simu. Siafiki. Simu ile ile iliyonipotezea jamaa ndiyo iliyonipa darsa la mirathi lililotusaidia kugawa mali ya marehemu bila ugomvi. Kijana wa Nangurukuru leo anaweza kumsikiliza mwanachuoni ambaye zamani ilimlazimu kusafiri ili amsikie. Neema hiyo haikataliwi.

Ninaloliona ni kuwarudisha watu kwenye kioo kwa hiari yetu, kwa kuwa teknolojia haitawarudisha. Nyumbani kwangu tumekubaliana kwamba usiku simu zote, ya kwangu ikiwa ya kwanza, zinachajiwa sebuleni. Mtoto akitazama jambo, anatazama pasipo hedifoni. Siku za mapumziko tunatazama pamoja na kuzungumza tulichokiona, hata kama ni mpira. Na tumeiondoa ile hali ya video kujifululiza yenyewe, ili kila inayofuata mtu aichague na ajue kuwa ameichagua. Binti yangu wa miaka kumi na tatu aliuliza: "Baba, kwani hutuamini?" Nilimjibu kwamba mimi mwenyewe sijiamini, na kwamba nawahitaji wao wanilinde kama ninavyowalinda. Alinyamaza kidogo, kisha akaenda kuleta simu yake.

Najua uzio huu ni mdogo, na ipo siku watoto hawa watakuwa mbali nami, ndani ya basi lao tupu. Siku hiyo haitakuwapo sauti ya mama yeyote wa kusema "azime". Tumuombe Allah Subhanahu wa Taala mpaka wakati huo awe amewajaalia, nasi pamoja nao, mkono unaozima bila kuambiwa.

Wabillahi tawfiq.