Kuhama Mbele ya Kimbunga

Watu husema kwamba ajali haina kinga. Na watu hao hao husema, tahadhari kabla ya athari. Mithali hizi mbili hukaa katika kinywa kimoja bila kugombana mpaka siku kimbunga kinapotangazwa baharini. Hapo mtu hulazimika kuifuata moja na kuiacha nyingine. Swali la insha hii ni hili: je, mtu aliyeonywa juu ya kimbunga ambacho yamkini kisifike ana wajibu wa kuihama nyumba yake, au ana haki ya kubaki na kungoja majaliwa?

Wazee wetu hawakusumbuliwa na swali hili. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangamiza merikebu za Sayyid Barghash bandarini na kuing'oa mikarafuu mashambani. Watu wa siku zile hawakuchagua kuhama wala kubaki, maana hapakuwa na wa kuwapasha habari. Hakuna awezaye kuwalaumu kwa jambo wasilolijua. Aprili 1952 Lindi nayo ilipatwa na msiba wa namna hiyo. Leo habari huitangulia dhoruba kwa siku kadhaa, na habari ikishafika, kukaa kimya nako huwa ni kuamua.

Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba kimbunga Kenneth kilikuwa kikielekea pwani ya kusini. Tahadhari ilitaja Mtwara na Lindi, na hata Ruvuma yetu, ingawa Songea ni mji wa nyanda za juu ulio mbali na bahari. Huko Mtwara wakazi wa mahali pa chini waliagizwa kupanda mahali pa juu. Tarehe 25 kimbunga kilishukia Cabo Delgado, Msumbiji, kikaua makumi ya watu, Mtwara ikasalimika. Aprili 2021 Jobo kilififia. Mei 2024 Hidaya nacho kilipungua nguvu karibu na Mafia, walakini mvua zake zilikata barabara iendayo Lindi kutoka Dar es Salaam.

Baada ya mambo kama haya hutokea watu wakawacheka waliohama. Husema, wameacha nyumba zao kwa hofu ya upepo ambao haukuja. Kicheko hiki kina kosa ndani yake, nalo ni kuupima uamuzi kwa yaliyotukia baadaye. Watu wa Mtwara na jirani zao wa ng'ambo ya mto Ruvuma walitishwa na dhoruba moja. Aliyehama upande huu na aliyehama upande ule walikuwa na sababu zile zile. Je, mmoja awe mwerevu na mwenziwe awe mwoga kwa kuwa upepo ulikwenda kusini badala ya kaskazini? Mkulima wa Songea hutia dawa katika mahindi yake kabla ya kuyafunga ghalani. Wadudu wasipoonekana mwaka ule, hapana jirani amwitaye mpumbavu. Uamuzi hauna budi kupimwa kwa yale yaliyojulikana saa ya kuamua.

Hata hivyo, anayesita kuhama hastahili kudharauliwa. Kuhama kuna gharama. Mvuvi huacha chombo chake na riziki ya siku zile, mwenye duka huhofia wezi, na mwenye mgonjwa hajui ambebe vipi. Zaidi ya hayo, mtu aliyehama mara mbili bure huwa mzito mara ya tatu. Kwa hiyo anayetoa onyo naye ana wajibu wake: aseme lililo hakika kuwa ni hakika, na lililo la kukadiriwa kuwa ni la kukadiriwa, asije akaitumia imani ya watu hata ikaisha. Lakini tukitia yote katika mizani, hasara ya kuhama bure hulipika kwa jasho la siku chache, na hasara ya kubaki vibaya hailipiki kabisa. Mambo yasiyolingana namna hii hayangoji hakika kamili.

Mtu mzima aweza kudai kwamba uhai ni wake na hatari ni yake. Dai hilo lina nguvu akiwa peke yake. Akiwa na watoto ndani, hupungua, kwa sababu wao hawakuulizwa. Hupungua tena akumbukapo kwamba watakaokwenda kumtafuta katika maji nao wana roho.

Kisha wako ambao hawabaki kwa ukaidi, bali kwa kukosa nauli au mahali pa kufikia. Hao wakiitwa wakaidi wanadhulumiwa. Hapa ndipo wajibu unapotufikia sisi wa bara. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza 1964, wakimbizi walivuka Ruvuma wakapokewa upande wetu. Kukimbia kwao kuliwezekana kwa sababu palikuwa na wa kuwapokea. Mji usio na mlango wa kumfungulia mgeni hauna haki ya kumshangaa aliyekataa kuondoka kwake.

Basi zile mithali mbili hazipingani, ila kila moja ina saa yake. Tahadhari kabla ya athari ni neno la shauri, nalo husemwa wakati miguu ingali na njia. Ajali haina kinga ni neno la rambirambi. Humfaa aliyekwisha kufikwa, apate kuacha kujilaumu kwa lisilokuwa katika uwezo wake. Anayelitumia neno la pili upepo ungali baharini ameanza matanga kabla ya msiba, na huenda akawa amewaachia wengine kuyamaliza.