Kichwa cha Binti Siku ya Kipaimara



Mwaka jana mwezi wa Agosti, Askofu alipokuja kuwawekea mikono watoto wetu, karatasi niliyomkabidhi Padre ilikuwa na majina 31. Waliopiga magoti mbele ya Askofu walikuwa 30. Mimi ndiye niliyewafundisha watoto hao katekisimu, na mwalimu hata akistaafu haachi kuhesabu vichwa. Wimbo wa kwanza haujaisha nilikwisha jua ni nani asiyekuwapo. Nikadhani ni homa.

Jumatatu nikaenda kwao. Mama mtu alikuwa uani anapukuchua mahindi. Binti akatoka, akanipa shikamoo, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi, kisha akarudi ndani upesi. Nikauliza kama amepona. Mama akaendelea kupukuchua, halafu akasema, "Hakuwa mgonjwa, Mwalimu. Wewe ulituambia waje wamependeza. Wenzake wote wamekwenda saluni. Nami nilikwenda kuuliza, nikaambiwa elfu 25 pamoja na nywele. Fedha yote ilikuwa imeishia kwenye salfa ya mikorosho. Nikamwambia nenda hivyo hivyo, mwanangu. Akasema, bora nisiende."

Ni kweli nilisema. Jumamosi ya mwisho ya mafundisho nilisimama mbele ya watoto nikasema, "Siku ya Askofu mje mmependeza." Kinywani mwangu maana yake ilikuwa kufua nguo, kukata kucha na kupaka viatu dawa. Miaka yote niliyokuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu nilikuwa nikiwaonya wanachuo wangu kwamba somo si lile alilosema mwalimu, bali ni lile alilosikia mtoto. Nikalisahau onyo langu mwenyewe. Nimekwisha kuwaomba radhi wote wawili, mama na binti. Lakini naona jambo hili si la nyumba yangu na nyumba yao tu, ndiyo maana nimemwomba Padre nafasi katika gazeti letu.

Najua wengine wanatazamia sasa niwagombeze wanawake. Sisi wa Kanisa tukitaja nywele, mara huletwa Yezebeli, yule aliyepamba kichwa chake akachungulia dirishani, katika Kitabu cha pili cha Wafalme. Nimesikia mahubiri ya Yezebeli mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. (Ya Absalomu, mwanamume aliyejivunia nywele zake mpaka akazipima kwa mizani, nimesikia mara moja tu, na mhubiri alikuwa na upara.) Halafu hufuata Petro, waraka wa kwanza, sura ya 3, pale anapowaambia wake kwamba kujipamba kwao kusiwe kwa nje, kwa kusuka nywele na kujitia dhahabu.

Basi na tumsome Petro vizuri, kama tulivyofundishwa kusoma, kwa kuangalia mstari unaotangulia na unaofuata. Katika mstari ule ule anataja na kuvaa mavazi. Kama amekataza kusuka, basi amekataza na kuvaa nguo, na hakuna Mkristo aliyepata kumwelewa hivyo. Tena tazameni anaanza kusema na nani. Katika sura ya 2, kabla hajafika kwa wake, amesema na watumishi wa nyumbani, yaani watumwa. Katika miji ya dola ya Kirumi, mwanamke tajiri hakujisuka mwenyewe. Sanamu za mawe za wakati ule zipo mpaka leo, na nywele zake zimepandishwa safu juu ya safu kama vichuguu. Kazi ile ilifanywa na mjakazi aliyesimama nyuma yake. Sasa fikirini waraka huo unasomwa katika kusanyiko. Bibi aliyesukwa ameketi pale, na mjakazi aliyemsuka naye ameketi pale, kwa kuwa wote wawili wamebatizwa. Wa tatu, asiye na wa kumsuka, yupo nyuma karibu na mlango. Mimi naamini Petro aliogopa kichwa cha yule wa kwanza kisije kikawa kipimo cha hao wawili wengine. Hakuwa anamsemesha binti wa mpukuchua mahindi. Alikuwa anamtetea.

Na kipimo chenyewe kwetu kimekuwa ghali. Nilikwenda nikauliza mwenyewe, nisije nikamlaumu mtu bure. Msusi, mama kijana ambaye yumo katika kanisa letu, alinieleza bila kuficha. Analipa kodi ya chumba. Analipa umeme. Pakiti za rasta zinatoka mbali, na kila mzigo mpya huja na bei mpya. Mwezi Juni mwaka 2019 Waziri wa Fedha, Dkt. Philip Mpango, alipendekeza bungeni ushuru wa asilimia 25 kwa nywele bandia zitokazo nje ya nchi na asilimia 10 kwa zile zinazotengenezwa hapa nchini. Wanaume wa mtaa wetu walicheka sana siku ile, bila kufikiri ni mfuko wa nani utakaoulipa ushuru huo. Na kichwa kimoja cha rasta ndogo ndogo kinamchukua tangu asubuhi mpaka alasiri amesimama. Akamaliza kwa kuniuliza, "Sasa Mwalimu, nipunguze wapi?" Sikuwa na jibu. Ususi ni kazi halali, inasomesha watoto, na mtendakazi anastahili ujira wake. Sitaki mtu asome maneno yangu kisha aende akamdai punguzo.

Lakini shilingi 25,000 ni nini? Mwaka 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, fedha hiyo ilikuwa sawa na kilo 7 na nusu hivi. Kilo moja ya korosho ghafi huwa na korosho kama 200. Kwa hiyo ni korosho 1,500, zilizookotwa moja moja, mgongo umeinama, kwa ajili ya kichwa kimoja kitakachofumuliwa baada ya wiki chache. Na kipaimara chetu kiliangukia Agosti, wakati mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua, nyumba inatoa fedha na hakuna fedha inayoingia. Ingekuwa Novemba, baada ya mnada, labda mama yule angelipa bila neno, nami nisingejua kitu mpaka leo.

Je, Bwana wetu anachukia kitu cha gharama? Hapana. Pale Bethania Mariamu alimpaka miguu kwa marhamu ambayo Yuda aliithamini kwa dinari 300, na tunajua kutoka katika mfano wa wakulima wa shamba la mizabibu kwamba dinari moja ilikuwa ujira wa siku moja. Karibu mwaka mzima wa kibarua ulimwagika kwa dakika chache. Bwana hakumkemea Mariamu. Aliyekemewa ni yule aliyekuwa akipiga hesabu, na hapo mimi mwenyewe, mpiga hesabu wa korosho, inanipasa ninyamaze kidogo.

Lakini tazameni alifuta miguu ile kwa nini. Kwa nywele zake. Na katika Luka sura ya 7 yupo mwanamke mwingine, yule mwenye dhambi, aliyeingia nyumbani kwa Simoni Mfarisayo, nywele hazikusukwa, zimeachiliwa tu, jambo la aibu kwa mwanamke mbele ya wanaume kwa desturi za kwao. Simoni aliona aibu ile akaanza kuhukumu moyoni. Bwana akamwuliza Simoni habari ya maji: mgeni nimeingia, maji ya miguu hukunipa. Mimi nimezaliwa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako mama zetu waliteremka bondeni na kupanda tena na maji kichwani kabla pampu hazijaletwa, na hata baada ya pampu kuna siku nyingi za kusubiri bomba. Kwetu kumnyima mgeni maji ni kumwambia aondoke. Simoni alikuwa na maji akamnyima. Mwanamke alikuwa na kichwa kile kile alichodharauliwa kwacho, naye akakiinamisha. Hakuna aliyemwuliza mlangoni amesukwa wapi.

Tena Kanisa hili la Masasi lilianza na watu wa namna hiyo. Waliokuja na Askofu Steere mwaka 1876 walikuwa watumwa waliokombolewa, wametoka Unguja, ambako kufunika kichwa ilikuwa heshima ya waungwana na kichwa wazi ilikuwa alama ya mtumwa. Ninapomkumbuka binti yule na kitambaa chake mpaka kwenye nyusi, nafikiri habari hiyo, na naona haya.

Sasa ngoja niseme habari ya nyumbani, maana vijana hudhani saluni imekuwapo tangu uumbaji. Nilipokuwa mtoto, siku zile za Operesheni Vijana, 1968 na 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa unapiga vita mawigi pamoja na vimini, lakini hapa kwetu vita hiyo haikuwa na mtu wa kupigana naye, kwa kuwa mawigi hatukuwa nayo. Tulikuwa na mkeka, chanuo cha mti, uzi mweusi na mafuta ya nazi, au ya nyonyo kama ya nazi hayakupatikana. Jumamosi mchana unaketi chini katikati ya magoti ya dada yako mkubwa, au shangazi, au bibi. Unavutwa mpaka machozi yanatoka. Ukilia unapigwa chanuo. Kulikuwa na mabutu, na nywele za uzi zilizosimama kama miiba ya nungunungu, na twende kilioni, ile mistari ya haraka ya kwenda nyuma, iliyoitwa hivyo kwa sababu hata msiba ukitokea ghafula mtu aliweza kusukwa akaondoka. Sijisifii uzuri wa mistari ile. Ya dada yangu ilikuwa imepinda kama njia ya mbuzi.

Lakini mambo yote niliyofundishwa na wanawake wa kwetu, ukiacha yale ya unyago, nilifundishwa kichwa changu kikiwa mapajani mwa mtu. Pale hutazamani na anayesema nawe. Ndiyo maana inawezekana kusema. Nilimwambia bibi yangu pale mkekani kwamba nimeshindwa hesabu, jambo ambalo nisingethubutu kumwambia uso kwa uso. Wamama, ni lini mara ya mwisho binti yako alikaa kimya kwa saa mbili, mikono yako ikiwa kichwani pake, na hakuna simu katikati yenu? Saluni hukupa nywele nzuri zaidi, nakubali kabisa. Lakini binti akiwa na jambo linalomwogopesha, naye akasukwa na mtu asiyemjua kwenye kelele za redio, jambo lile atarudi nalo nyumbani kama alivyokwenda nalo.

Wengine watasema, watoto wa leo wakisukwa nyumbani watachekwa na wenzao. Ni kweli. Watachekwa ikiwa ni mmoja au wawili, tena wale tunaowajua kuwa hawana. Hawatachekwa wakiwa wote 28, na binti wa mwalimu mkuu na binti wa mwenye duka wakiwa miongoni mwao. Kwa hiyo naomba wale wenye uwezo ndio waanze. Nao wavulana watanyolewa hapo hapo.

Nimezungumza na Padre na mwenyekiti wa Umoja wa Mama. Watoto wa kipaimara wa mwaka huu ni 28, na binti yule ni mmoja wao, amerudi darasani tangu Kwaresima. Jumamosi inayotangulia siku ya Askofu, mara baada ya Misa ya asubuhi, tutatandika mikeka chini ya mkorosho mkubwa ulio nyuma ya kanisa, na kila mtoto wa kike atasukwa pale, twende kilioni kwa wote, bila pakiti. Wasusi wetu watatu wamekubali kuja kwa saa chache bila malipo, wasimamie mistari isipinde. Jumatatu wataendelea na kazi yao kwa bei yao. Kila mama alete chanuo na ndoo moja ya maji, kwa kuwa bomba la kanisa halitegemewi. Mafuta ya nazi nitanunua mimi. Mikono yangu siku hizi inatetemeka, sitaweza kusuka, lakini kuchana naweza, na yule binti wa mwaka jana nimemwomba aketi kwangu. Amesema atafikiri.