Mzazi wa Nyeri, Shika Chaki

Siku utakayotangaza kwamba unataka kuwafundisha wanao nyumbani, jirani atakuambia umeiga Wazungu. Mrudishe 1929. Mwaka huo wamisheni, wakiwemo wale wa Kanisa la Scotland waliokuwa Tumutumu karibu na Karatina, waliwataka walimu na waumini wao waikane tohara ya wasichana. Wazazi wengi wa Kikuyu walikataa, wakawatoa watoto shuleni. Ukeketaji wenyewe hatuutetei, na tangu 2011 una sheria yake kali inayoupiga marufuku. Lakini tazama walichofanya wazazi wale baada ya kugombana na wamisheni. Walichanga senti zao, wakatoa ardhi, wakasimamisha madarasa na kuajiri walimu wao wenyewe. Ndivyo shule za KISA, chama cha shule huru za Wakikuyu, na za Karing'a zilivyoenea katika nchi hii ya Mlima Kenya, na kufikia 1939 Mbiyu Koinange alikuwa amefungua chuo cha walimu kule Githunguri. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari 1952 ilifunga nyingi ya shule hizo kwa kuzishuku kuwaunga mkono Mau Mau; iliiogopa nguvu ya mzazi anayeisimamia elimu ya mwanawe.

Kwa hiyo usitishike. Mzazi wa huku kushika elimu ya mwanawe mkononi ni jambo la babu zetu.

Ila lisome tukio lile hadi mwisho. KISA haikujificha. Iliongea na idara ya elimu, ikakubali kukaguliwa na kufuata mtaala, kwa sababu ilitaka watoto wake wafanye mtihani na wavuke kwenda mbele. Hilo ndilo ninalokusihi nawe ufanye. Ari peke yake itakufikisha mahakamani.

Nasema mahakamani kwa sababu ndiko walikofika wengine. Katiba ya 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo, katika kifungu cha 30, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule mara kwa mara, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri. Asiyefanya hivyo ametenda kosa. Mwaka 2019 mzazi mmoja kule Kakamega alikamatwa kwa kuwafundishia wanawe nyumbani, na wazazi waliokwenda Mahakama Kuu kuipinga sheria hiyo hawakufua dafu. Atakayekuambia kwamba Kenya ni ruhusa tu, kaa nyumbani ufundishe, hakutakii mema.

Je, mlango umefungwa? Yasome tena yale maneno: shule, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa. Shule si lazima iwe ya bweni, wala iwe na watoto hamsini darasani. Shule ndogo ya kibinafsi iliyosajiliwa, yenye mwalimu mkuu msikivu, inaweza kumwandikisha mwanao na kukubaliana nawe ni siku zipi atafika na ni kazi gani ataifanyia nyumbani. Itafute. Uliza Ruring'u, uliza Chaka, uliza Karatina na Nanyuki. Mwalimu mkuu wa kwanza akikucheka, nenda kwa wa pili. Mkielewana, yaandikeni makubaliano yenu, kisha uyapeleke kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo yako ayaone na aseme lake mapema. Ukienda mwenyewe utasikilizwa kuliko ukiitwa na chifu.

Usajili huo una faida nyingine ambayo wazazi wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Katika mtaala wa umilisi, mtihani haungoji mwisho. Baraza la Mitihani humpa mwanafunzi namba ya tathmini kupitia shule yake, na nafasi ya kuingia sekondari ya juu hupimwa hivi: asilimia 20 kutoka tathmini ya KPSEA ya Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 kutoka tathmini ya KJSEA ya Gredi ya 9. Mtoto asiye na shule hana pa kuandikiwa alama hizo. Wapo wanaofuata mtaala wa Uingereza na kuwasajili watoto kama watahiniwa wa kibinafsi wa IGCSE. Njia hiyo ipo, lakini ada yake inauma, nayo haikuondolei kifungu cha 30.

Kama mwanao ana ulemavu mkubwa au maradhi yanayomzuia kwenda shule, kwako hali ni tofauti, na ningependa upige hatua leo. Sera ya elimu ya wanafunzi wenye ulemavu ya 2018 inaitambua elimu ya nyumbani. Mpeleke kwenye kituo cha tathmini cha EARC, apimwe, upewe ripoti. Karatasi hiyo ni ngao yako na ni haki yake. Wazazi wengi mlimani wamewaficha watoto kama hawa nyuma ya nyumba kwa aibu, na wengine kwa kutojua tu. Inatosha.

Kuna wazazi wawili ambao siwaambii waanze. Ni yule aliyegombana na mwalimu juzi na anataka kumkomoa, pamoja na yule anayetafuta mikono ya kuchuma majani ya chai. Watoto wao na warudi darasani kesho asubuhi.

Wewe uliyebaki, unasema hukusomea ualimu. Ulifanya nini 2020? Machi mwaka huo shule zilifungwa, na wanafunzi wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Masomo ya KICD, taasisi ya ukuzaji mitaala, yalikuja redioni na kwenye televisheni, nawe ukakaa na mwanao mezani mkishindana na hesabu za sehemu. Hukuwa hodari, lakini hukufa. Miundo ya mtaala ipo wazi KICD. Ichukue, isome, ufuate yaliyomo. Usikimbilie vifurushi vya vitabu vya ng'ambo vinavyouzwa kwa bei ya ng'ombe.

Na darasa gani limezungukwa na vifaa kama hili la kwetu Nyeri? Soko la Karatina litamfundisha faida na hasara kuliko ubao. Nanyuki ikweta inakata barabara. Mlima wenyewe, mita 5,199, una somo la jiografia kila unapofunguka asubuhi. Mpeleke maktaba ya Nyeri, kisha kaburi la Baden-Powell, aulize kwa nini mwanzilishi wa maskauti alizikwa huku 1941. Mfikishe Tetu, ambako Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alikamatwa Oktoba 1956, na Ihithe, ambako kaka mmoja aliuliza mbona dada yake, Wangari Maathai, hasomi kama wao wavulana, na mama yao akaamua aende shule. Mtoto huyo alipata Tuzo ya Amani ya Nobel 2004.

Usianze peke yako. Tafuta familia nyingine mbili au tatu kanisani, sokoni, kwenye chama. Mmoja wenu anajua hesabu, mwingine Kiswahili, mwingine ni fundi wa mbao. Watoto wakikutana na wenzao kila wiki, hoja ya kwamba watakua wapweke itakosa mtu wa kuishikilia. Wekeni daftari la mahudhurio na la kazi zilizofanywa, kwa sababu afisa akija ataomba ushahidi, na maneno matamu hayahesabiki kama ushahidi.

Mwaka wa masomo huanza Januari. Usingoje Desemba, wakati ofisi zimejaa watu na walimu wakuu hawapatikani. Wiki hii chukua cheti cha kuzaliwa cha mwanao na ripoti zake za zamani, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako, uulize ni shule zipi zilizosajiliwa karibu nawe, uanze kubisha hodi.