Feliki Alitaka Kitu Kidogo

Fungueni Matendo 24, mstari wa 26. Paulo amefungwa Kaisaria. Gavana Feliki anamwita mara kwa mara, wanaongea vizuri, hata anaingiwa na hofu akisikia habari za hukumu. Lakini kesi haisongi. Sababu imeandikwa pale pale: Feliki anangoja Paulo atoe pesa. Miaka 2! Paulo hakutoa.

Mimi nilitoa.

Mnamjua ndugu yetu kutoka Kongo, yule anayefundisha kwaya. Tulimwombea kibali cha kazi, ile daraja I ya watumishi wa dini. Karatasi zote zilikuwa sawa. Miezi ikaenda. Kila tukiuliza, ni "bado inashughulikiwa." Halafu akatokea kijana mmoja, wala si mfanyakazi wa ofisi, ni wale wa kuzunguka nje na simu tatu. Akaniambia, "Pasta, faili yako imelala. Inataka mtu wa kuiamsha." Nikatoa bahasha. Siku 9 baadaye kibali kikatoka, na Jumapili nikasimama hapa madhabahuni nikasema Mungu amefungua mlango. Mkapiga vigelegele. Nisameheni. Mlango ulifunguliwa na bahasha.

Nilijiambia ati namsaidia mgeni. Sasa someni Kutoka 23. Mstari wa 8 unakataza rushwa. Wa 9, papo hapo, unakataza kumwonea mgeni. Nimehubiri hiyo sura miaka mingi na sikuwahi kuona vile hiyo mistari inakaa jirani. Siku ya msako, kibali kikichunguzwa, anayepandishwa ndege ni yeye, si yule kijana, wala si mimi. Na kuna mgeni mwingine asiye na bahasha. Faili yake ndiyo iliwekwa chini ya yetu.

Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea. Wazee wa kanisa nimewaambia. Kesho asubuhi mimi na mhazini tunaenda kwa tume ya kupambana na ufisadi kuandikisha taarifa, jina langu likiwa la kwanza.

Ndugu yetu nilimwambia Jumanne. Alinyamaza sana, kisha akauliza, "Pasta, sasa mimi nitaenda wapi?" Sikuwa na jibu. Muombeeni. Mazoezi ya kwaya ni Jumatano kama kawaida, na ni yeye atafundisha.